Miguu Mifupi ya Mbayuwayu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Phanice alichota maji bombani, akafagia mbele ya kibanda cha kushonea nguo cha mamake hapo mtaani Kianda, kisha akafungua boksi la viatu na kumtazama mgonjwa wake.

Mgonjwa alikuwa mbayuwayu. Phanice alimwokota Jumatatu baada ya mvua ya mawe, amelowa chepechepe kando ya mtaro. Alipomweka sakafuni, ndege alijikokota hatua mbili, tumbo likiburura chini. Phanice akamgeuza. Miguu ilikuwa mifupi kama vijiti vilivyokatwa.

"Imevunjika safarini," alisema, maana alijua mbayuwayu husafiri mbali kila mwaka. Akafunga kila mguu kwa njiti ya kiberiti na uzi wa mamake. Alipogusa kifua, akakuta kimejaa na ni laini. Akaandika daftarini: uvimbe.

Shuleni alichora bango kubwa lenye maneno mekundu: SAFARI NDEFU HUVUNJA MIGUU YA MBAYUWAYU. Mwalimu Kavoi wa sayansi alilitazama sana, maana lilichorwa kwa ustadi.

"Umechunguza ndege wangapi, Phanice?"

"Kumi, Mwalimu," Phanice alijibu haraka. Ukweli ni kwamba alikuwa amechunguza mmoja tu.

Basi Mwalimu Kavoi akaandika jina lake. Phanice angeiwakilisha shule Jumamosi kwenye maonyesho ya sayansi kule mtaa wa Kawangware 46. Hakuna mtoto wa darasa lao aliyewahi kupewa heshima hiyo.

"Niaje, daktari!" Wanzala alimpigia kelele uwanjani, akichechemea makusudi. "Nifunge njiti na mimi, nimeumizwa na mpira!"

Darasa zima likacheka, na Phanice akacheka pia. Jina la daktari lilimpendeza.

Alhamisi asubuhi, mbayuwayu alikataa nzi aliyeletewa. Macho yake yalikuwa yamefifia. Phanice akaenda bombani akiwa na wasiwasi, na huko akainua kichwa. Juu ya waya wa umeme walikuwa wamejipanga mbayuwayu, bega kwa bega, kama watu wanaongoja kibali cha kuondoka. Akatafuta miguu yao, lakini ilikuwa haionekani vizuri. Matumbo yao yalikuwa karibu yakalie waya wenyewe.

Akahesabu kumi. Safari hii alihesabu kweli. Akaendelea hadi thelathini na mmoja, na hakumwona hata mmoja mwenye miguu mirefu.

"Kama wote wamevunjika," alijiuliza, "wamefikaje hapa?"

Moyo ukamshuka. Zilibaki siku mbili tu. Angeweza kunyamaza hadi Jumamosi, na nani angejua? Lakini ndege alikuwa amekataa kula.

Alimkuta mamake, Sella, akikata kitambaa cha sare.

"Mama, nadhani nimemfunga ndege mzima."

Sella aliweka mkasi chini, akamchukua mbayuwayu, akapuliza manyoya ya kifuani. "Na huu ndio uvimbe wako? Mwanangu, mimi nimenyonyoa kuku wengi. Haya ni mafuta. Huyu amefungasha."

"Amefungasha nini?"

"Masurufu. Sisi tukienda Bungoma hubeba chapati na mayai kwenye mkoba. Yeye hana mkoba, kwa hiyo amebeba chini ya ngozi." Kisha akamkazia macho. "Ukimfungua, Jumamosi utaonyesha nini?"

"Sijui, Mama."

Hata hivyo alichukua mkasi mdogo, akakata uzi. Akamtoa ndege nje, kiganja kikiwa wazi. Vidole vyembamba vikamshika kidole kwa nguvu. Mguu uliovunjika haushiki hivyo! Mbayuwayu akajikung'uta, akafungua mabawa, nayo yalikuwa marefu kuliko Phanice alivyodhani. Akaruka karibu na mapaa ya mabati, mkia wenye panda ukamgeuza ghafla, akapanua mdomo na kunasa mdudu hewani.

Phanice alikwenda moja kwa moja hadi kwa Mwalimu Kavoi.

"Mwalimu, nilidanganya. Nilichunguza mmoja, na hata huyo nilimkosea."

Mwalimu aliweka chaki chini. "Na leo?"

"Leo nimehesabu thelathini na mmoja."

"Basi bango jipya, na uandike ulichokiona."

Jumamosi, ukumbi wa Kawangware 46 ulijaa vichujio vya maji na taa za betri. Juu ya meza ya Phanice palikuwa na bango jipya na boksi la viatu lisilo na ndege. Ndani yake mlikuwa na njiti mbili na uzi.

"Ndege yuko wapi?" aliuliza Bi Syokau, mwamuzi.

"Yuko hewani, Madam. Huko ndiko mwili wake unakofanyia kazi. Mabawa marefu humbeba mbali, mkia humgeuza, na mdomo mpana hunasa wadudu akiendelea kuruka. Hutunza mafuta mwilini yawe chakula cha njiani. Miguu ni mifupi kwa sababu hatembei sana. Mirefu ingekuwa mzigo."

"Na hizi njiti?"

Phanice akasimama wima. "Hizo ni kosa langu. Nilidhani miguu mifupi ni ugonjwa."

Bi Syokau aliandika kwa muda mrefu.

Phanice alipata nafasi ya pili. Jumatatu, Mwalimu Kavoi aliinua lile boksi mbele ya shule nzima.

"Tuzo ya Phanice ni ya pili," alisema, "lakini mimi najivunia kama vile ni ya kwanza. Mbayuwayu ameumbwa kwa safari yake, na ukimtazama haraka utamwona kilema. Tazameni mara nyingi kabla ya kusema mnajua. Na mkigundua mmekosea, semeni wazi kama Phanice alivyosema. Hapo ndipo elimu inapoanza."

Makofi yakapigwa. Walipotoka, Wanzala akaonyesha nyaya zilizokuwa tupu.

"Daktari, wagonjwa wako wote wamehama!"

"Hawakuwa wagonjwa hata siku moja," Phanice alijibu, akatembea mbele yake kichwa kikiwa juu.