Atupele Hakuwa Mvivu

Kahawa ya kijiji cha Ihanda ilikuwa imeiva, nyekundu mtini, na kila nyumba ilikuwa shambani. Atupele alikuwa amelala tu, amegeukia ukuta. Tangu amzike mwanawe mchanga, chakula kilikuwa hakina ladha, na kukicha kulimchosha.

"Amka wewe!" Mama yake, Nesta, alisimama mlangoni na ndoo. "Wenzako wanachuma, wewe unalea kitanda!"

"Mama, mwili hautaki."

"Mwili wa msichana mbichi kama wewe? Hilo ni pepo la uvivu. Utafunga na kuomba mpaka litoke."

Basi akafungishwa, mtu ambaye tayari alikuwa hali chakula. Akahamishiwa stoo ili apate utulivu. Mle mlikuwa na magunia, majembe, na dawa ya kunyunyizia mikahawa. Atupele aliomba hadi maneno yakamwisha. Akabaki anaitazama ile dawa.

Mchana Tabita, jirani yao, mhudumu wa afya wa kijiji, alikuja kuazima ungo. Nesta akamwelekeza stoo. Tabita alipomwona Atupele ameikodolea macho ile dawa, aliusahau ungo. Akaketi juu ya gunia.

"Mwanangu, nikuulize bila kuzunguka. Unawaza kufa?"

Hakuna aliyewahi kumwuliza. Machozi yakamtoka. "Kila siku, mama."

Tabita hakupiga kelele. Aliitoa ile dawa nje, akamwita Nesta, akamweleza alichouliza na alichojibiwa.

"Mama Atupele, hii nitaifungia kwangu. Na huyu asiachwe peke yake."

"Kumwuliza hivyo si ndiko kumfundisha kujiua?"

"Hapana. Kunamfungua mdomo. Huu ni ugonjwa, unaitwa sonona. Unatibika, lakini si kwa matusi wala kwa njaa. Maombi usiache, dada. Tuombe tukiwa njiani kwenda hospitali."

Nesta akakaa kizingitini. "Na humu nimemweka kwa mikono yangu."

Walikwenda siku ileile. Daktari alimsikiliza Atupele mpaka mwisho, akampa dawa. "Zinafanya kazi polepole," alisema. "Usiziache. Na urudi tuzungumze."

Polepole kweli. Kahawa ilichumwa ikaisha, Atupele bado analia. Nesta alihamia chumbani kwa Atupele. Kila asubuhi alimpa uji, bila neno la kumchoma.

Asubuhi moja Atupele akaonja, akakunja uso.

"Mama! Uji gani huu hauna sukari?"

Nesta akamtazama.

"Sukari iliisha siku nyingi, mwanangu. Ulikuwa husemi."

Akajitupia kanga begani, akatoka mbio kwenda dukani.