Lango la Mzee Prust

Ujumbe kutoka ofisini ulikuwa na maneno manne tu.

*Nenda likizo kama kawaida.*

Hester Yelland aliusoma mara moja, akaufuta, akaenda kutafuta viatu vyake vya matope. Kwa miaka minane, kila Oktoba, alipanda treni kwenda Devon, Uingereza, kutembea pwani na Aubrey Cleave, mzee aliyemfundisha ujasusi wote, kuanzia kushika bastola hadi kudanganya huku akitabasamu. Mwaka huu wa tisa alikwenda kumkamata.

Aubrey alikuwa amestaafu, lakini alikuwa akiuza siri. Safari hii alikuwa amelipata jina la Nodira, mfasiri wa wizara moja ng'ambo. Nodira aliipa ofisi ya Hester habari kwa sababu Hester alimwahidi, kwa kinywa chake mwenyewe, kwamba hakuna atakayejua. Ofisi haikujua mzee amelificha wapi jina hilo. Likivuka bahari, Nodira hatamaliza wiki.

Kwa hiyo Hester alitembea.

Saa nne asubuhi walikuwa juu ya ukingo wa bahari. Jua la kinyonge, nyasi rangi ya kutu, matope hadi vifundoni. Ilikuwa asubuhi nzuri kweli, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

Alinyoosha mkono kwenye kichaka cha miiba, akachuma tunda jeusi.

"Usile hilo," Aubrey alisema. "Watu wa huku husema tarehe kumi ikishapita, shetani ameshayatemea mate matunda haya. Kila mwaka nakwambia."

"Na kila mwaka nakula, mzee. Sijafa."

"Bado," alisema Aubrey, akacheka.

Kidude cha redio kilikwaruza sikioni mwa Hester, chini ya kofia ya sufu. Ilikuwa sauti ya Verity, mkuu wake, ndani ya Land Rover iliyofichwa nyuma ya kanisa.

"Boti ya mpira. Watu wawili. Inaingia ghuba ya chini. Dakika kumi na mbili."

Hester akakohoa mara moja. Amesikia.

Walifika kwenye benchi lao. Aubrey akafungua chupa yake ya chai, Stanley ya kijani iliyobonyea ubavuni. Akammiminia Hester kwanza, kama kawaida. Akajimiminia na yeye.

Chupa ikaisha.

Hester alitazama mvuke. Miaka minane chupa ile ilitoa vikombe vinne, viwili vyake na viwili vya mzee. Leo imetoa viwili.

Ina kitako cha pili, cha siri.

Alipoinua macho, Aubrey alikuwa akimtazama.

"Umehesabu," mzee alisema kwa upole.

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Kosa langu hilo."

Fimbo ya kutembelea ya mzee ilimfyeka miguu. Hester akaanguka chali kwenye miiba, chai ya moto ikammwagikia kifuani. Mzee wa miaka sitini na nane akatimka na chupa kwapani.

"Anakimbia," Hester alisema kwenye redio, akijinasua. "Kitu kimo kwenye chupa ya chai."

"Sisi tuko mbali. Mpige risasi."

"Hapana."

"Hester. Hiyo ni amri."

Bastola yake ya Glock ilikuwa mkononi tayari. Mgongo wa mzee ulikuwa wazi, hatua themanini mbele, na koti lile lenye kiraka alichokishona Hester mwenyewe mwaka wa nne. Hakupiga. Si kwamba alimhurumia. Alikuwa na swali moja la kumuuliza, na maiti haijibu. Akamkimbiza.

Aubrey alikata katikati ya malisho ya mzee Prust, mfugaji wa pale, akielekea lango la upande wa bahari. Kondoo sitini wakainua vichwa.

Hapo Hester akaacha kumfuata.

Akapinda kushoto, akaruka ukuta wa mawe, akateremka mteremko kwa makalio. Njia hiyo ingemtoa nje ya lango, lakini ingemchelewesha nusu dakika. Mtu anayekimbia kuokoa roho yake angekuwa ameshapita.

Mtu yeyote, isipokuwa Aubrey.

Mwaka wa kwanza Hester aliliacha lango hilohilo wazi. Kondoo wawili walitoka, wakaporomoka hadi kwenye mawe ya chini. Aubrey alimburuta hadi jikoni kwa Prust akaombe radhi, kisha hakumsemesha mpaka jioni. Lango haliachwi wazi. Kwake hiyo ilikuwa dini.

Na lango la Prust lina mnyororo wa kutu unaotaka mikono miwili.

Alipotokea kwenye kona, chupa ilikuwa chini kwenye nyasi. Mikono yote ya Aubrey ilikuwa kwenye mnyororo. Kondoo walijazana ndani, wakimlilia.

"Usisogee," Hester alisema.

Aubrey alimalizia kufunga. Kisha ndipo akainua mikono.

"Ulijua nitasimama."

"Nilijua."

"Wangeanguka, binti. Unawajua wenyewe walivyo wajinga."

"Kwa kondoo wa watu umesimama. Nodira je? Mbona kwake hukusimama?"

Chini, injini ya boti ilinguruma. Aubrey alifikiri kwa makini, kama alivyokuwa akifikiri kila alipoulizwa swali darasani.

"Huyo sijawahi kumwona," alisema. "Kondoo nawaona."

Hester alimchukia kwa jibu hilo kuliko kwa usaliti wote, kwa sababu mzee hakuwa akijitetea. Alikuwa akisema kweli.

Alizungusha kitako cha chupa. Memori kadi ndogo kuliko ukucha ikamdondokea kiganjani. Akaitia mfukoni, akaelekeza bastola ghubani, akapiga risasi moja majini mbele ya boti.

"Boti imegeuka," Verity alisema redioni. "Walinzi wa pwani wanaisubiri nje."

Watu wa Land Rover walifika, wakamtia mzee pingu.

"Bi Hamlyn wa mkahawa ametuandalia skonzi za chai ya saa kumi," Aubrey alisema. "Za watu wawili. Usimwache akisubiri."

"Nitazila zote."

Wakamchukua.

"Kazi safi," Verity alisema. "Chukua wiki moja, upumzike."

"Nilikuwa likizo," Hester alijibu, akazima redio.

Akarudi kwa njia ya pwani, peke yake, mikono mfukoni, bila haraka. Penye miiba alichuma tunda jeusi, akalitia mdomoni. Lilikuwa chungu, limeoza.

Akalimeza.