Simu ya Wiki Ilikuwa ya Mama Yangu

Mama yangu alikuwa analia kwenye spika ya ofisi, na wenzangu walikuwa wanapiga makofi.

Mwenzenu nilikuwa nimesimama mbele yao na kikombe cha chai mkononi.

"Nakuomba, binti yangu," mama alikuwa anasema kwenye ile simu iliyorekodiwa. "Mwanangu msimpigie kwa deni langu hili. Yeye anatibu watu wenye matatizo ya akili. Mkimvuruga, na yeye ataenda kumvuruga mgonjwa."

"Wala simpigii, mama," sauti ya msichana ikajibu taratibu, tamu kama nini. "Tukilimaliza mimi na wewe, yeye atajulia wapi? Hebu tufikiri pamoja. Hapo nyumbani kuna kitu gani kinaweza kuuzika?"

Msichana akamsubiri.

"Kuna cherehani," mama akasema.

Meneja akazima spika.

"Mmesikia? Hakutukana, hakutisha. Mama wa watu kaahidi mwenyewe kwamba hela italetwa. Hiyo ndiyo simu ya wiki." Halafu akanigeukia mimi. "Hongera, Mwalimu. Huyu ni mwanafunzi wako."

Nikatabasamu. Jamani, nilitabasamu, maana sikujua uso wangu niuweke wapi.

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ili tuelewane.

Mimi nina shahada ya saikolojia. Mama ni fundi wa mapazia, alinilea peke yake, na siku nilipopata chuo alianza kuniita Dokta. Nikamwambia saikolojia siyo udaktari.

"Kwani anayetibu watu anaitwaje?" akaniuliza.

Basi, jina likashika mtaa mzima, mpaka muuza maji akawa ananiita Dokta. Ada nilikopeshwa na ofisi ya mikopo ya wanafunzi, na mama ndiye aliyeweka sahihi kama mdhamini. Aliiweka huku anacheka.

Kitu ambacho sikukipima vizuri ni hiki. Shahada ya kwanza peke yake haikupi ruhusa ya kukaa na mgonjwa. Unatakiwa usome ya pili, ufanye kazi chini ya mtaalamu, halafu ndiyo upewe leseni. Walituambia chuoni, sitawasingizia. Mimi nilisikia nilichotaka kusikia.

Nilipomaliza, nikaanza kujitolea kwenye kliniki moja. Nilipokea wagonjwa, nikawapangia viti, nikapewa nauli. Mlinzi wa getini ndiye alikuwa ananikopesha hela ya chakula, na yeye pia alikuwa ananiita Dokta, ila kwa kunitania.

Nilichacha, ndugu zangu. Nilichacha mpaka nikawa nakwepa hata mwenye nyumba wa jirani.

Ndipo likatokea tangazo la kampuni inayokopesha watu kwa njia ya simu. Walitaka msomi wa saikolojia. Nikavaa nguo yangu ya mahafali nikaenda.

"Wapiga simu wangu wanajua kutukana tu," meneja aliniambia kwenye usaili. "Mtu akitukanwa anazima simu. Nataka mtu anayejua jinsi binadamu anavyofikiri."

Mshahara alioutaja ulinifanya nisiulize swali la pili.

Nikawa mwalimu wa kudai madeni. Niliwafundisha wale mabinti na vijana wasitishe mtu. Anza kwa kuuliza habari za watoto, niliwaambia. Mwache amsifie mtoto wake mpaka moyo ulainike. Kisha nyamaza, umsubiri. Mtu aliyetoka kumsifia mwanawe anaona aibu kukwambia hana.

Mambo hayo nilifundishwa darasani. Tulifundishwa ili mtu mwenye maumivu aweze kufunguka na kupona.

Na deni langu la chuo je? Kila mshahara ulipoingia nililiruka. Kodi kwanza, nauli kwanza, kiatu kwanza... nitaanza kulipa mambo yakikaa sawa. Nikabadilisha na namba ya simu ili ile ofisi isinipate. Nyumbani nikasema nimeajiriwa hospitali.

Haikunijia akilini kwamba wakinikosa mimi, watamtafuta mdhamini.

Sasa turudi siku ile. Nilimwambia meneja tumbo linanikata, nikaondoka. Nilikuwa na wazo moja tu kichwani, niiwahi ile cherehani kabla haijauzwa. Bila cherehani mama yangu hana kazi, na bila kazi hana kula.

Nilimkuta sebuleni, amekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, anapinda pazia kwa sindano ya mkono. Meza ya cherehani ilikuwa tupu. Juu yake kulikuwa na mkasi na futi ya kupimia.

"Dokta! Leo hukwenda kwa wagonjwa?"

"Mama, cherehani iko wapi?"

"Iko kwa fundi, anaiangalia."

"Mama..."

Akavuta uzi, akaukata kwa meno.

"Nimeiuza, mwanangu. Usianze kunigombeza, nilikuwa na sababu."

Akanieleza polepole, kama anayeogopa kuniumiza. Ile ofisi ya mikopo ilimpigia, ikamwambia silipi. Yeye akadhani mshahara wa hospitali unachelewa. Akaanza kunilipia kidogo kidogo. Kazi za mapazia zilipopungua, akakopa kwenye simu ili aendelee kunilipia.

Mnanielewa? Deni nililolikimbia mimi, mama alikuwa analilipa kwa mkopo wa kampuni yangu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikwambie ili iweje? Wewe una wagonjwa wa kuwafikiria." Akainua macho, na uso wake ukachangamka kidogo. "Ila nilipigiwa na binti mmoja mstaarabu sana. Wa mwanzo walinitukana, yule hapana. Aliniuliza habari zako. Dokta, sijawahi kuulizwa habari zako nikazungumza mpaka nikatosheka kama siku ile. Nilimwambia ulivyokuwa unawafundisha wenzako hesabu hapo mlangoni. Akacheka na mimi kabisa."

Sikuweza kumwangalia.

"Halafu nilipokata simu," akaendelea, "nikaiangalia ile cherehani nikaanza kulia. Na toka nimeiuza, simu ikiita tu moyo unanienda mbio, hata kama ni jirani. Nikasema labda akili yangu imepata hitilafu. Nilikuwa nakusubiri uje nikuulize wewe, maana ndiyo kazi yako."

Katika maisha yangu yote, mtu wa kwanza kuja kwangu kutaka matibabu alikuwa mama yangu. Na ugonjwa nilimpa mimi.

Ningeweza kumdanganya. Maneno ya kitaalamu ninayo, tena mengi. Lakini alikuwa ameacha kushona, ananingoja.

"Akili yako haina hitilafu yoyote, Mama. Yule binti alifundishwa kuongea vile."

"Alifundishwa na nani?"

"Na mimi."

Akacheka, akidhani namtania. Kisha akauona uso wangu.

"Wewe si uko hospitali?"

"Sijawahi kuwa hospitali, Mama. Niko kwenye kampuni hiyo iliyokupigia."

Akachoma sindano kwenye pazia, akalikunja pazia lote taratibu, akaliweka mapajani. Hakunitukana. Heri angenitukana.

"Ulipomfundisha aulize habari za mtoto," akasema, "ulikuwa unamfikiria mama wa nani?"

 

Kazi ile niliiacha. Sasa niko mapokezi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, mshahara mdogo, na ofisi ya mikopo inanikata kila mwezi. Mama nilimnunulia cherehani nyingine, ya mtumba. Anaitumia. Amenisamehe, amesema hivyo mwenyewe.

Wewe unayechagua cha kusoma sasa hivi, saikolojia ni somo zuri, nisikutishe. Ila kamtafute aliyemaliza juzi, siyo profesa, umuulize shahada ya kwanza inampa kiasi gani mkononi. Muulize ya pili italipwa na nani. Jiulize mkopo ukikushinda, simu itaita kwa nani. Na kama umeshamaliza na umechacha kama nilivyochacha mimi, nenda nyumbani ukaseme. Mimi niliogopa kumwaibisha mama, nikamfilisi.

Jana nilimpigia. Nikamwamkia, nikamuuliza amelalaje. Akasema vizuri. Nikamuuliza kama goti bado linamsumbua.

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Sema tu unachotaka, mwanangu," akaniambia kwa upole. "Nikiwa nacho nitakupa."

Nilikuwa nataka kujua hali ya goti lake tu.