Kufuli la Nani Lifunguliwe Kwanza

Ndugu zangu, siku hiyo mtaa ulikuwa shwari. Fundi cherehani, tuliyemwita Mzee Hatuanzi, alikuwa mlangoni akishona nguo za mjukuu aliyekuwa njiani. Binti yake alizikunja huku akimtania, "Baba, hii suruali itamtosha mwanasesere tu."

Jina lile mzee hakulipata bure. Kisiwa chetu kimegawanywa kwa uzio, na lango la mtaa wetu lina makufuli mawili, la kwetu na la wenzetu wa upande wa pili. Viongozi wa pande zote mbili walishakubaliana kuhusu maji, ushuru, hata mashamba. Wakakwama kwenye jambo moja: nani afungue kwanza. Ufunguo wetu alikuwa nao mzee, na kila mkutano alisimama akasema, "Sisi hatuanzi!" Watu wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka.

Ghafla binti akashika tumbo. Damu! Mkunga akaja mbio, akamtazama mara moja tu.

"Huyu anataka upasuaji sasa hivi. Hospitali iko ng'ambo ya uzio."

Tukambeba hadi langoni. Mlinzi wa upande wa pili alikuwa amesimama na ufunguo wake.

"Fungua, mwanangu," mzee akamwomba.

"Anza wewe, mzee. Nikianza mimi, kazi sina."

"Nikianza mimi, wataniita msaliti."

"Baba!" binti akalia. "Baba, nakufa!"

Jamani, mtaamini? Waliendelea kubishana, mgonjwa yuko chini kwenye shuka! Mkunga ndiye aliyewapigia kelele, "Fungueni pamoja, nyie! Moja, mbili, tatu!"

Makufuli yakafunguka. Kufumba na kufumbua, jambo lililowashinda viongozi miaka yote likawa limekwisha.

Binti alipona. Mtoto alitolewa akiwa amekufa, na daktari akasema tungewahi kidogo tu angeishi. Mzee alikaa chini sakafuni, akalia kama mtoto.

Kesho yake maofisa wa pande zote mbili wakaja msibani, kwa mara ya kwanza wakiwa pamoja. Tukadhani wamekuja kutoa pole. Hata kukaa hawakukaa.

"Mzee," wakauliza, "lilifunguka kwanza kufuli la nani?"

FUNZO

Mkiwaona wakubwa wamekubaliana yote, wakabaki kubishania nani aanze, msiwapigie makofi. Waambieni wafungue pamoja, leo hii. Kuanza hakumpunguzii mtu kitu. Kungojeana kumetunyang'anya mtoto ambaye hata jina hatukuwahi kumpa.