Mwanamke wa Mlango wa Buluu

"Heritier, ile nyumba yenye mlango wa buluu iko wapi?"

Moreen aliuliza akiwa bado amesimama, viatu vyake vimejaa tope la maporomoko ya Sipi. Alikuwa ametoka kuwatembeza Wajerumani waliokuja Uganda kwa sababu moja tu: walicheza gemu ya simu. Gemu yenyewe aliitengeneza mchumba wake Heritier, Mkongomani anayeishi Kisugu, ili kuiletea wageni kampuni ya utalii ya Ntinda ambako Moreen alifanya kazi. Mchezaji anapita kwenye migomba na mibuni hadi kwenye maporomoko. Kila kitu kilifanana na Sipi yenyewe, isipokuwa nyumba hiyo.

"Wameitafuta bonde zima. Wanataka picha na yule mwanamke anayewakaribisha mlangoni. Nimeona aibu, Heri. Nimedanganya kwamba ilibomolewa."

"Haiko Sipi," Heritier alisema bila kuinua macho. "Ilikuwa kwetu, karibu na Butembo. Ilichomwa vitani."

"Na huyo mwanamke?"

Heritier alifunika kompyuta yake.

"Kahambu. Bibi yangu wa ndoa."

Moreen akakaa. Harusi yao ilikuwa mwezi ujao.

"Uliniambia hukuwahi kuoa!"

"Niliogopa ungeniacha. Tulipotezana tukikimbia vita. Nikamtafuta hadi nikaambiwa amezikwa pamoja na wengine waliouawa. Sina hata picha yake moja, Moreen. Nilimchora nisije nikasahau sura yake."

"Ukamweka kwenye kazi yangu! Kumbe nawauzia watu safari ya kwenda kumwona mke wako?"

Akaondoka akilia. Siku kadhaa hakupokea simu zake. Lakini alimpenda, na marehemu hawezi kumwibia mtu mume. Hatimaye akamwandikia: "Mtoe huyo mwanamke kwenye gemu, tuendelee na harusi."

"Nitamtoa. Asante, mpenzi," Heritier alijibu.

Asubuhi iliyofuata Moreen alikuwa ofisini akijibu wateja kwenye ukurasa wa kampuni. Katikati ya watu waliouliza bei za safari, akakuta ujumbe huu:

"Jambo. Miye niko mukimbizi kambini Kyangwali, hapa Uganda. Jirani alinionyesha ile mchezo kwa simu. Ile nyumba ilikuwa yangu, na ule mwanamuke ni miye. Mwenye aliichora iko muzima? Kahambu."

 Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha kufuta. Nani angejua? Wenzake ofisini walikuwa wakicheka mambo yao. Mara simu yake ikaita. Heritier.

"Nimekaa kwenye kompyuta, mpenzi. Namtoa sasa hivi."

Moreen alifumba macho.

"Usimtoe."

"Kwa nini tena?"

"Yuko hai, Heri. Yuko Kyangwali. Ametuandikia."

Upande wa pili mwanamume akalia kama mtoto. Moreen alisubiri, machozi yakimdondoka mezani.

"Moreen... nifanye nini?"

"Unaniuliza mimi?"

"Nakupenda wewe."

"Najua. Lakini yeye anauliza kama u mzima. Nenda ukamjibu."

Akamtumia ule ujumbe. Kesho yake Heritier akasafiri, na jioni akaandika: "Nimemwona. Amekonda, lakini ni yeye. Alinishika uso hakuniachia. Nisamehe."

Moreen aliusoma. Akampigia mama yake, Busia upande wa Kenya.

"Mama, msije. Harusi haipo."

"Uuwi! Amekufanya nini huyo Mkongo?"

"Mke wake amepatikana, Mama. Tulidhani alikufa."

"Nani amempata?"



"Mimi," Moreen alisema. "Ni mimi niliyempata."

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "njoo nyumbani."

"Siwezi, Mama. Jumatatu nina wageni wa Sipi."

Kisha akaiweka simu kifuani, bila kuikata, akalia huku mama yake akimsikiliza.