Miwani Aliyovishwa Mwalimu Masoudi

Fatu aliona viatu kwanza. Vilikuwa viatu vizito vya kupandia milima, vimelala ubavu kwenye majani makavu chini ya jabali la Namkatila, na ndani yake mlikuwa na miguu. Alitupa mzigo wake wa kuni akakimbia hadi barabara ya kijiji cha Chunyu bila kugeuka nyuma.

Inspekta Gaudensia, mpelelezi wa polisi, alifika saa nne asubuhi akitokea Ruangwa mjini, akiwa na Koplo Nicholaus. Marehemu alikuwa Masoudi, mwalimu wa jiografia ambaye kila mwisho wa wiki alikuwa lazima apande mlima fulani. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Damu ilishakauka, alikuwa ameanguka tangu jana yake, Jumamosi.

Kilichomsimamisha Gaudensia ni miwani ya jua iliyokuwa usoni mwa marehemu. Ilikuwa na lenzi za rangi ya chai, fremu nyeusi iliyokumbatia uso mpaka ubavuni, na kamba ya kuizuia isidondoke. Mtu ameporomoka kutoka juu kule, na miwani imekaa sawasawa machoni kama ya mtu anayesubiri kupigwa picha.

"Kamba ndiyo imeishikilia, afande," alisema Nicholaus.

"Iangalie hiyo kamba. Damu iko juu yake au chini yake?"

Nicholaus aliinama. Kamba ilikuwa imepita juu ya damu iliyoganda. Yenyewe haikuwa imelowa hata kidogo. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Amevishwa," alisema kwa sauti ya chini. "Amevishwa akiwa ameshakufa."

Nyuma yao watu walikuwa wamejaa, na vijana kadhaa walishika mapanga. Halfani, fundi pikipiki wa Chunyu na rafiki mkubwa wa marehemu, alisimama mbele yao, kiganja kimekinga macho dhidi ya jua, machozi yakimtiririka.

"Afande, muuaji tunamjua," alisema. "Ni Ngolo, yule mfugaji. Jana ameonekana akishuka mlimani, na chupa ya maji ya mwalimu anayo mkononi. Mimi nilikuwa shambani kwangu kutwa, laiti ningepanda naye!"

"Twendeni kwake!" sauti moja ilipayuka, na nyingine zikaitikia.

Gaudensia alikimbilia gari. Wiki mbili nyuma, boma la Ngolo lilichomwa moto mchana, na mtoto wake mdogo akafia humo. Aliyechoma hakujulikana, na wengi hawakutaka kujua. Sasa kundi hili likimfikia Ngolo kabla yake, kutazikwa watu wawili. Aliliendesha gari la polisi kwa kasi kwenye njia ya ng'ombe, akamkuta Ngolo akikamua maziwa, akampakia bila maelezo. Walipogeuza gari, mawe yalikuwa yameanza kutua kwenye bodi.

Kituoni Ruangwa, Ngolo alikaa na mikono katikati ya magoti.

"Ile chupa alinipa mwenyewe, mama," alisema. "Tulikutana njiani, yeye anapanda, mimi nashusha ng'ombe. Aliniona nina kiu."

"Aliongozana na nani?"

"Nilimwona peke yake. Alisema kuna mwenzake anamfuata nyuma."

"Alikwambia nini kingine?"

"Alisema, Ngolo, vumilia mpaka Jumatatu. Jumatatu utamjua aliyekuchomea. Nikamuuliza, mwalimu, wewe umejuaje? Akasema siku ile alikuwa kule juu, ameona kwa macho yake. Sasa mimi nimuue ili iweje? Ndiye peke yake aliyetaka kuniambia!"

Maneno hayo yangeweza kuwa ya kweli, na yangeweza kuwa ya mtu anayeokoa shingo yake. Gaudensia alimwacha mahabusu, kwa usalama wake zaidi kuliko kwa kosa, akaenda msibani.

Zulfa, mjane wa Masoudi, alitolewa nje na wanawake akiwa amejifunika kanga. Gaudensia alimpa pole, kisha akamwonyesha miwani.

"Ni yake, hiyohiyo," alisema Zulfa. "Alitengenezewa Nachingwea."

"Aliona vizuri bila miwani?"

"Masoudi?" Zulfa karibu acheke, ikageuka kilio. "Afande, bila miwani mume wangu alikuwa ananisalimia mimi akidhani ni mgeni. Mlimani alikuwa akivaa hiyo tu. Lenzi zake ni nene, mimi nikijaribu naona kizunguzungu."

Gaudensia aliipandisha miwani mbele ya macho yake. Dunia iligeuka rangi ya chai, basi. Mlango ulikuwa palepale na ukubwa uleule. Hapakuwa na kizunguzungu chochote. Hii haikuwa miwani ya Masoudi.

Kesho yake asubuhi alikuwa Nachingwea, kwenye duka dogo la miwani la mtaalamu wa macho aitwaye Lusiana.

"Mwalimu Masoudi namkumbuka sana," alisema Lusiana. "Alinichosha kwa maswali! Alikuja akitaka miwani nyeusi tii. Nikamwambia, weusi peke yake haukukingi. Lenzi ikiwa nyeusi bila kuzuia mionzi ya jua, mboni inapanuka na mionzi inaingia zaidi. Nikamchagulia ya kahawia, kwa sababu inaonyesha vizuri mashimo na mawe njiani. Nikamwekea plastiki ngumu isiyovunjika, maana ukianguka mlimani na kioo machoni ni balaa. Na lenzi zenye nguvu ya macho yake. Alipotoka nje akaona mti wa mbali jani kwa jani. Alifurahi kama mtoto."

Gaudensia aliweka miwani mezani. Lusiana aliisogeza mbele na nyuma juu ya gazeti. Herufi hazikubadilika.

"Hii haina nguvu," alisema. "Ni ile ya pili."

"Ya pili?"

"Alichukua mbili, fremu moja. Yake, na hii ya kawaida ya rafiki yake. Huyo rafiki alikaa nje na pikipiki, sikumwona uso."

"Mtu wa kawaida akivaa ile ya Masoudi, nitamjuaje?"

"Mtazame kwa upande. Lenzi ya namna ile inapunguza vitu. Ukingo wa shavu lake, ukiutazama kupitia lenzi, utauona umekatika na kuingia ndani. Naye ataona ardhi iko mbali kuliko ilivyo. Atakanyaga kama mtu anayeshuka ngazi gizani."

Mchana huo Gaudensia alirudi Namkatila kuona mahali Masoudi alipoanzia kuanguka. Halfani alijitolea kumwongoza, kwani hakuna aliyeijua njia kama yeye. Nicholaus alibaki chini, pale mwili ulipokutwa. Kadiri walivyopanda ndivyo sauti za kijiji zilivyopotea. Kileleni mwamba ulikuwa mweupe, unarudisha jua machoni kama bati jipya, na Halfani alikuwa amefinya macho mpaka yakabaki mistari.

"Alisimama hapa," alisema, akionyesha ukingo. "Sogea uone, afande."

Gaudensia hakusogea. "Nachingwea wamesema mwalimu alinunua miwani mbili. Ya pili tunamtafuta aliyepewa."

Upepo ulivuma. Halfani alitabasamu, akaingiza mkono kwenye begi.

"Mbona hukuniuliza? Ni mimi. Hii hapa." Akaivaa.

Gaudensia alimtazama kwa upande. Ukingo wa shavu la Halfani, nyuma ya lenzi, ulikuwa umekatika na kuingia ndani.

Walikuwa wawili tu, na ukingo wa korongo ulizunguka mpaka nyuma ya Gaudensia. Halfani alipiga hatua kumwelekea. Mguu wake ulitafuta ardhi hewani, ukatua kwa kishindo. Akayumba.

"Ivue, Halfani," alisema Gaudensia. "Utaanguka."

"Mbona naona vizuri tu."

"Huoni. Hiyo ni miwani ya marehemu. Yako tulimkuta nayo usoni."

Halfani alimrukia. Gaudensia alijitupa pembeni, goti likachubuka kwenye mwamba, na mkono wa Halfani ukakamata hewa mahali bega lake lilipokuwa. Alipitiliza. Alipogeuka, kisigino kilikosa ukingo, akaangukia kifua, miguu ikining'inia juu ya utupu.

"Afande!" alipiga yowe. "Afande, nishike!"

Kwa kitambo, Gaudensia alimtazama tu. Kisha alilala kifudifudi, akamshika kwapani, akamwita Nicholaus kwa sauti yake yote. Walishikana hivyo, na ni hapo hapo, mdomo ukiwa kwenye vumbi, Halfani alipoanza kusema.

"Ng'ombe wao walimaliza ufuta wangu. Nilitaka wahame tu. Sikujua kuna mtoto ndani, wallahi sikujua. Masoudi aliniona kutoka hapa juu, mimi na pikipiki yangu. Akanipa mpaka Jumatatu nijipeleke mwenyewe polisi. Nilimwomba, akakataa. Nikamsukuma. Miwani yake ikanibaki mkononi. Nilishuka nikaona, atakutwaje bila miwani? Watauliza. Nikamvisha. Zote zilikuwa mfukoni, nilikuwa natetemeka. Nilipovaa yangu kesho yake asubuhi kwenye pikipiki ndipo nikajua nimekosea, na kule chini watu walishaanza kukusanyika."

Nicholaus alifika akihema, na pingu zikafungwa palepale mwambani.

Jioni, Gaudensia alimfungulia Ngolo mlango wa mahabusu, akamweleza yote wakiwa wamesimama. Ngolo alisikiliza mpaka mwisho.

"Alijua mtoto yumo?"

"Anasema hakujua."

Ngolo aliinamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake yalikuwa makavu.

"Mtakapompeleka mahakamani," alisema, "msiseme mtoto wa mfugaji. Semeni Hosiana. Alikuwa anaitwa Hosiana."