Siku Mia Moja na Arobaini za Kijani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Machi 2084, saa nne na robo asubuhi, ndani ya Ukumbi wa Lugha mjini Tabora. Siku hiyo hakuna aliyelia. Watu walipiga makofi.

Katikati ya ukumbi palikuwa na meza pana kama kitanda cha futi sita, na juu yake vumbi la chuma, laini kuliko unga wa muhogo. Mashine hiyo iliitwa Kichaguamji. Mtu aliweka viganja vyote viwili juu ya kioo, akazungumza robo saa chochote kinachomjia, nayo ikasikiliza sauti, pumzi, mapigo ya moyo na namna ulimi unavyogusa meno. Kisha vumbi likaamka. Likajiinua likawa miji ya Ujerumani, yenye minara na madaraja na vituo vya treni, kila mji ukubwa wa sinia. Halafu miji ikaanza kuanguka, mmoja mmoja, mpaka ukabaki mmoja umesimama. Huo ndio mji utakaokwenda kusomea Kijerumani, utake usitake.

Aliyesimama mbele ya meza alikuwa Kalunde, mkunga wa miaka arobaini na mitatu. Nyuma yake alisimama mumewe, Mihambo, fundi wa pampu za maji, aliyeishia darasa la tano.

Mtu angeweza kuuliza: zama hizo lugha ya kujifunza ilikuwa na kazi gani? Kila mtu alikuwa na sikio-mkalimani, kidude cha ukubwa wa punje ya mahindi kinachotafsiri papo hapo. Lakini Wajerumani walikuwa wamepitisha sheria kwamba mgonjwa asiongee na muuguzi kupitia mashine. Walisema mtu anayekufa ana haki ya kueleweka na mtu. Kwao huko wazee ni wengi na wauguzi ni wachache, kwa hiyo wakubwa wetu wakatia saini, wauguzi wetu wakaanza kupelekwa, na wakunga kama Kalunde pamoja nao.

Wiki mbili nzima Mihambo na mkewe walikuwa wamebishana kuhusu mji, huku wakila, huku wakipepeta mchele.

"Nenda Berlin," Mihambo alisema. "Berlin hata mbuzi wa hapa mtaani Cheyo wanaijua."

"Baba Nyamizi, wewe unachagua mji kama unachagua jezi," Kalunde alimjibu. "Mimi nataka Freiburg. Nimesoma, kuna jua huko. Kifua changu hiki nakijua mwenyewe."

Alikuwa na pumu tangu utoto. Mvua ya siku tatu tu ilitosha kumlaza.

Sasa Berlin ilianguka. Leipzig ikaanguka. Ikabaki miji miwili. Freiburg ikasimama kitambo, na mnara wa kanisa lake mwembamba kama sindano, kisha nao ukamwagika.

"Rostock!" alitangaza Bi Ndyanabo, afisa wa ukumbi. Makofi yakapigwa.

"Rostock ndiyo wapi?" Kalunde aliuliza.

"Kaskazini kabisa, mama, baharini."

"Baridi?"

"Makoti yapo."

Watu wakacheka. Kalunde hakucheka. "Mwanangu, mimi nina kifua. Naomba Freiburg."

"Mama yangu, mashine imeshakupima mapafu. Alama tisini na saba kwa mia. Freiburg wamejaa watu wetu, mtakaa mnapiga soga za Tabora, Kijerumani mtakiona kwenye mabango. Rostock utakuwa peke yako. Ndiyo faida yake."

Mashine ilikuwa imempima kweli, asubuhi ya jua kali la Tabora, kifua kikiwa kikavu na wazi. Kalunde akageuka kumtazama mumewe, maana fomu ilitaka na saini ya mume, na mume angeweza kukataa.

Mihambo alisema, "Weka saini, Mama Nyamizi. Walioitengeneza wamesoma."

Kwa maneno hayo sita hajajisamehe mpaka leo.

Kalunde aliondoka mwishoni mwa Agosti. Rostock ilikuwa na kanuni iliyotungwa huku kwetu, siyo kule: miezi sita ya kwanza mwanafunzi asisikie Kiswahili. Simu ilichukuliwa. Barua zilizuiwa. Kitu kimoja tu kiliongea naye kwa Kiswahili, nacho ni bangili ya hali. Kila asubuhi, kuanzia tarehe 2 Septemba, bangili ilimsalimia: "Habari za leo, Kalunde?" Naye akajibu. Jibu lake likageuzwa kuwa rangi. Kijani maana yake mzima. Njano, aangaliwe. Nyekundu, daktari aitwe mara moja, nusu saa haipiti.

Kila Jumapili Mihambo alipokea rangi za wiki kwenye ukuta wa sebule. Majirani walipouliza shemeji anaendeleaje, aliwavuta ndani.

"Tazama mwenyewe. Kijani tupu. Huyo ananenepa huko."

Januari tarehe 19 Kalunde alikufa. Hewa iligoma kuingia. Saa tatu baada ya taarifa ya kifo, ukuta ukawaka wenyewe, ingawa haikuwa Jumapili, ukaleta rangi ya siku hiyo. Kijani.

Mwenye nyumba aliyokaa Kalunde, bibi wa Kijerumani, alieleza kwamba alimsikia akikohoa tangu Novemba. Alimwendea mara kadhaa. Alitazama bangili, akaiona ya kijani, akadhani labda ndivyo watu wa kwetu wanavyokohoa.

Walimzika Kalunde Februari. Aprili Mihambo akaenda Ukumbi wa Lugha. Alitaka jambo moja tu: kusikia sauti ya mkewe, alichoiambia bangili siku zile. Kama alisema ni mzima, basi alimficha, naye angejua amlilie vipi. Kama alisema anaumwa, kuna mtu alisikia akakaa kimya, na mtu huyo alikuwa na jina.

Dirisha la malalamiko halikuwa na mtu. Palikuwa na Msikilizaji, kioo cha urefu wa mtu chenye sauti ya upole.

"Habari za leo, Mzee Mihambo?"

"Nzuri," Mihambo alisema, "ila nimekuja kwa ajili ya mke wangu, alikufa huko Rostock na mimi..."

Kioo kikawa kijani. "Asante. Tumefurahi kusikia uko vizuri. Anayefuata!"

"Sijamaliza!"

"Mzee, sogea," alisema bwana mmoja nyuma yake. "Umeshahudumiwa."

"Nimehudumiwa nini?"

"Si umesema nzuri?"

Mihambo akabaki ameshika ukingo wa dirisha. Alikuwa amesema nzuri. Mke yuko kaburini, yeye mwenyewe hajala tangu jana yake, na amesema nzuri. Nani hasemi? Kwenye msiba mtu anaulizwa habari za hapa, anajibu nzuri, tumefiwa. Mgonjwa kitandani anaulizwa hujambo, anajibu sijambo, naumwa sana. Neno la kwanza ni la adabu, la kumfungulia mwenzako mlango. Habari yenyewe inaingia nyuma yake.

Hakusubiri foleni tena. Alimkuta Bi Ndyanabo ofisini.

"Binti yangu, nifungulie kumbukumbu za mke wangu."

Alizifungua. Mistari mia moja na arobaini, na kila mstari neno moja. Nzuri. Nzuri. Nzuri.

"Na baada ya hapo?"

"Hakuna, mzee."

"Hakuna alichosema?"

Bi Ndyanabo alikuwa na macho chini. "Bangili inasikiliza neno la kwanza, kisha inafunga. Mengine haikuyaweka popote. Hata Ujerumani hayapo."

"Hao Wajerumani ndio waliotaka hivyo?"

"Wao walileta bangili inayosikiliza mpaka mtu anyamaze. Kamati yetu ndiyo iliyofupisha. Watu kumi na mmoja. Walitaka ripoti isomeke haraka."

"Wa wapi?"

"Wa hapahapa. Mwenyekiti ni mtu wa Sikonge."

Kamati ilikutana siku tatu baadaye, jengo la ghorofa tisa, viti vya kuzunguka, maji ya chupa. Mihambo aliruhusiwa kukaa nyuma na kupewa dakika mbili mwishoni. Mjumbe mmoja aliingia amechelewa, jasho linamtoka.

"Karibu, karibu. Habari za safari?" mwenyekiti alimuuliza.

"Nzuri, mheshimiwa."

Mwenyekiti hakugeukia makaratasi. Alimtazama tu, kalamu hewani, anasubiri.

"Ila gari limetuharibikia Urambo," mjumbe akaendelea, "na dereva ameumia mkono."

"Aa, poleni sana! Hebu kaa. Mletee maji huyu."

Wenzake wote kumi wakampa pole. Mihambo aliona kila uso, mmoja baada ya mwingine, na jinsi walivyokuwa wamemsubiri.

Zamu yake ilipofika, mwenyekiti alitabasamu. "Habari za nyumbani, mzee wetu?"

Mihambo alisimama, hakujibu. Kwa umri wake wote hakuwahi kuacha salamu bila jibu. Ukumbi ukaona ni utovu wa adabu, wengine wakakohoa. Akauliza swali lake, moja tu, taratibu, ili karani aandike. Karani akaandika. Mwenyekiti alikunywa maji, akasema litafanyiwa kazi. Huu ni mwaka wa tatu. Wamebadilisha ofisi, wamebadilisha rangi ya bangili, na wauguzi wengine sitini wamepelekwa kaskazini. Swali lenyewe bado liko kwenye kitabu cha mikutano, na chini yake pameachwa wazi:

"Ninyi nyote mnajua kusubiri kinachofuata baada ya nzuri. Kwa mke wangu, nani kati yenu alisema hakuna haja ya kusubiri?"